Nyumba na Soko: Gongo la Dukani na Gongo la Mtandaoni

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), twaingia katika mazungumzo yetu ya mwezi huu.

Mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu, ametuletea swali ambalo kwa sura yake laonekana dogo, lakini ndani yake mna mambo makubwa. Mwanawe amechaguliwa kuingia katika timu ya mpira wa magongo ya skuli yake, na ametakiwa aje na gongo lake mwenyewe, na kinga za miguu, na kinga ya meno. Mama huyo alikwenda na mwanawe katika duka la vifaa vya michezo mjini. Mwenye duka akampima kijana urefu, akamtolea magongo manne akayashika moja moja, akamfahamisha lipi lamfaa na lipi halimfai, na shughuli hiyo ikachukua karibu saa nzima. Walipotoka nje kijana akamwambia mamake: “Mama, tusinunue hapa. Gongo lili hili nimeliona katika simu kwa nusu ya bei.” Mama akanyamaza, wala hakununua, lakini moyo wake haukutulia. Anatuuliza: Je, ni halali kununua kitu tusichokiona wala kukishika? Je, kweli ni rahisi kama inavyosemwa? Na je, yule mwenye duka tumemdhulumu?

Maswali haya matatu tutayajibu, inshallah, kila moja mahali pake. Lakini kwanza twapenda kuondoa wasiwasi ulio katika vifua vya baadhi ya wazee, wanaoona kwamba kutoa fedha kwa ajili ya mchezo ni upuzi mtupu. Mchezo unaotia nguvu mwilini, ukachezwa kwa adabu na kwa mavazi ya stara, wala usimpotezee mtu sala yake, hauna lawama. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, na akawahimiza watu kujifunza kulenga shabaha na kupanda farasi. Na huu mpira wa magongo si mgeni kwetu. Katika Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, lililochezwa Barcelona mwaka 1971, Kenya ilishika nafasi ya nne, nyuma ya Pakistan, Hispania na India. Mwaka 1980 timu ya Tanzania ilicheza katika Olimpiki ya Moscow. Na mwezi wa Januari 2024 Kombe la Dunia la kwanza la magongo ya wachezaji watano watano lilifanyika Maskati, Oman, mji ambao jamaa zetu wengi wana nasaba nao. Basi mzazi ambaye mwanawe amechaguliwa asione haya kumnunulia kifaa, bali aone haya kukinunua bila ya kukijua.

Na hili ndilo shina la maneno yetu: mnunuzi asiyekijua kitu hudanganyika dukani kama anavyodanganyika mtandaoni. Kwa hivyo natueleze kwanza gongo ni nini.

Gongo la mchezo huu lina upande mmoja tu bapa, nao ni upande wa kushoto, na kwa upande huo ndio mpira hupigwa. Magongo yote ni namna moja. Hakuna gongo la mwenye kutumia mkono wa kushoto, na kanuni za mchezo haziliruhusu. Anayemwambia mzazi kwamba amemletea gongo la mashoto, ama hajui anachouza, ama anajua na anadanganya. Kanuni zasema gongo lisizidi uzito wa gramu 737, wala urefu wa sentimita 105, na mpindo wake usizidi milimita 25. Mpira wenyewe una uzito wa baina ya gramu 156 na 163, nao ni mgumu kama jiwe. Kwa sababu hiyo kinga za miundi na kinga ya meno si mapambo. Mzazi anayenunua gongo la fahari akaacha kinga, amenunua mlango akasahau ukuta.

Urefu wa gongo huhesabiwa kwa inchi. La mtu mzima aghalabu huwa inchi 36 na nusu au 37 na nusu, na ya watoto huanzia inchi 24. Gongo linalomfaa mtoto ni lile ambalo likisimamishwa kando yake hufika karibu na mfupa wa nyonga. Likiwa refu humzuia kulizungusha, na likiwa fupi humuinamisha hata mgongo ukamuuma. Wala haifai kumnunulia mtoto gongo la kukulia, kama tunavyonunua kanzu ya Idi ndefu ili aivae na mwaka ujao.

Zamani magongo yote yalikuwa ya mti, na mti wa mforsadi ulisifika sana kwa kazi hii. Mji wa Sialkot, katika nchi ya Pakistan, ulipata jina duniani kwa kutengeneza magongo na mipira, na hata leo vifaa vingi vya michezo hutoka huko. Siku hizi magongo mengi hufanywa kwa nyuzi za kioo na nyuzi za kaboni zilizogandishwa pamoja. Jinsi kaboni inavyozidi ndivyo gongo linavyozidi ugumu na nguvu ya kupiga, na ndivyo bei inavyopanda. Lakini gongo gumu sana humtetemesha mkono mwanafunzi, na mpira humruka badala ya kutulia. Basi la ghali si lazima liwe ndilo bora kwa anayejifunza. Kadhalika viatu: mwaka 1976, katika Olimpiki ya Montreal, mchezo huu ulichezwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki juu ya nyasi za bandia, na tangu hapo viatu vingi hutengenezwa kwa ajili ya uwanja wa namna hiyo. Skuli zetu nyingi zachezea nyasi za asili au changarawe. Kiatu cha nyasi za bandia huteleza katika tope la masika, na picha ya kwenye simu haitamwambia mzazi jambo hilo.

Sasa tuliingie swali la kwanza: je, ni halali kununua kitu kisichoonekana?

Sheria yetu tukufu imekataza biashara ya gharari, yaani biashara ya kubahatisha ambayo mnunuzi hajui atapata nini. Na imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akakuta rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani akahisi umajimaji chini ya kilicho kikavu. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema kwamba mvua ilikinyeshea. Mtume akamlaumu kwa kuwa hakukiweka kile kilicholowa juu watu wakakiona, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Mafunzo ya kisa hiki yamwelekea muuzaji wa dukani na muuzaji wa mtandaoni sawasawa. Picha nzuri ya kitu kibovu ni nafaka kavu juu ya nafaka iliyolowa.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa mwambao wetu, kauli yenye nguvu ni kwamba kitu maalumu ambacho mnunuzi hakukiona hakisihi kuuzwa. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wao wanakisihisha, kisha humpa mnunuzi hiari ya kukikubali au kukikataa atakapokiona. Lakini maimamu wote wamekubali biashara ya salamu, yaani kununua kitu kwa sifa, kikiwa katika dhima ya muuzaji, bei ikilipwa yote papo hapo na kitu kikaletwa baadaye. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakinunua matunda kabla ya kuwa tayari, akawaamuru wafanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, na uzani unaojulikana, na muda unaojulikana. Na mwaka 1990 Baraza la Fikihi la Kiislamu, lenye makao yake Jidda, lilipitisha kwamba mapatano yanayofanywa kwa vyombo vya mawasiliano vya zama hizi yasihi, likatahadharisha juu ya mambo machache, miongoni mwao ikiwa ni ndoa, kubadilishana fedha, na salamu kwa ajili ya lile sharti la kulipa papo hapo.

Kwa hivyo, ewe mzazi, jambo hili lina mlango uliofunguliwa, lakini mlango una kizingiti. Ukinunua gongo kwa sifa, sifa zitajwe zote: urefu kwa inchi, uzito, kiasi cha kaboni, mpindo wake, jina la mtengenezaji, mahali na siku ya kuletwa, na bei ilipwe yote wakati wa mapatano. Au, na hii kwa maoni yetu ndiyo njia iliyo safi zaidi, agiza kwa masharti kwamba utalipa mzigo utakapofika na kutazamwa. Hapo maagizo huwa ni ahadi tu, na mauzo yenyewe hufanyika mlangoni pako, gongo likiwa mkononi mwako. Jihadharini pia na yule anayeuza asichokuwa nacho wala hajui kama atakipata. Mtume (S.A.W.) alimkataza sahaba wake Hakim bin Hizam kuuza asichonacho, na leo wako watu waliojaa katika simu ambao duka lao ni picha walizozichukua kwa wengine.

Tena, haifai kabisa kununua kifaa cha mchezo kwa mkopo wa simu wenye riba, au kwa kadi inayotoza nyongeza ukichelewa. Mtoto atacheza juma hili bila ya gongo lake mwenyewe wala hatakufa, lakini riba ikiingia nyumbani hutoka na baraka.

Sasa swali la pili: je, ni rahisi kweli?

Bei iliyoandikwa kwenye simu ni mwanzo wa hesabu, si mwisho wake. Natukadirie kwa mfano tu. Tuseme gongo limeandikwa shilingi 6,000 katika duka la ng'ambo, na nauli ya kulileta ni shilingi 2,500. Hizo ni 8,500. Tuseme ushuru wa forodha ni asilimia 25 juu ya bei na nauli pamoja: hizo ni shilingi 2,125, na jumla imekuwa 10,625. Kisha ipo kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hapa Kenya ni asilimia 16: hizo ni shilingi 1,700. Jumla ni shilingi 12,325, nasi hatujahesabu ada nyingine ndogo ndogo, wala tofauti ya kubadilisha fedha, wala nauli ya kwenda kuuchukua mzigo. Ikiwa dukani gongo lauzwa shilingi 11,000, basi ile nusu ya bei imekuwa zaidi ya bei. Hatusemi kwamba kila mara huwa hivi. Wako wauzaji wa mtandao walio humu humu nchini, ambao mzigo wao umekwisha kulipiwa ushuru, na bei yao huwa nafuu ya kweli kwa sababu hawalipi kodi ya duka barabarani. Tunalosema ni kwamba anayelinganisha bei mbili azipeleke zote mpaka mwisho wa safari, kisha ndipo aseme ipi ni ndogo.

Hesabu nyingine ni ya wakati. Mashindano ya skuli hayangoji meli. Na hesabu ya tatu ni ya kurudisha. Gongo likija na ufa, au likija la inchi 34 badala ya 37, ni nani atakayelipa nauli ya kulirudisha? Kenya ina sheria ya kumlinda mnunuzi ya mwaka 2012, nayo imetaja mapatano ya mtandao na kumlazimisha muuzaji kueleza mambo yake kabla ya kupokea fedha. Lakini sheria ya nchi humfikia kwa shida muuzaji aliye ng'ambo ya bahari, asiyejulikana nyumba yake wala jina lake la kweli.

Hapa pana mas'ala ya fikihi ambayo wengi hawayajui. Mnunuzi aliyepata aibu katika kitu ana haki ya kukirudisha, lakini katika madhehebu yetu yampasa afanye hivyo mara tu aibu inapomdhihirikia, wala asikitumie kwanza. Kijana anayefungua kifurushi, akaona ufa, kisha akaenda uwanjani kujaribu “kidogo tu”, ameidhoofisha haki yake mwenyewe. Kifungueni kifurushi mbele ya mashahidi, mpige picha, mlitazame gongo kwa urefu wake dhidi ya mwanga, mpitishe vidole katika kingo za kichwa chake ambapo nyufa huanzia, na mlipime kwa utepe. Likiwa na kasoro, andikeni siku hiyo hiyo.

Na zile sifa ambazo wanunuzi huandika chini ya bidhaa, msizichukue kuwa ni ushahidi wa waadilifu. Sheria imekataza najashi, nayo ni mtu asiyetaka kununua kujitokeza akaisifu bidhaa au akaipandisha bei ili wengine wahadaike. Zamani najashi alisimama sokoni na watu wakamjua kwa sura. Leo anakaa chumbani mwake, akaandika sifa mia kwa majina mia, na analipwa kwa kazi hiyo. Mzazi mwenye busara humuuliza mwalimu wa michezo wa skuli na wazazi waliotangulia kununua.

Baada ya haya, isidhaniwe kwamba tunawatetea wenye maduka katika kila jambo. La! Wako miongoni mwao ambao wamewafukuza wateja kwa mikono yao. Skuli zikikaribia kufunguliwa hupandisha bei bila ya sababu. Wengine huapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hawapati faida hata senti, ilhali kiapo cha namna hiyo huuza bidhaa na kuondoa baraka. Wengine hubandika dukani kikaratasi kisemacho kwamba mali ikiuzwa hairudi, hata ikiwa na aibu ambayo muuzaji aliijua akaificha. Na kikaratasi hicho mbele ya Mwenyezi Mungu hakimfutii dhambi. Mtume (S.A.W.) ameahidi malipo mema kwa anayemkubalia nduguye kuvunja biashara aliyoijutia. Muuzaji atakayeshika mafunzo haya, atajikuta hana haja ya kuuogopa mtandao, maana mtandao una bei, lakini hauna uso wala salamu wala jirani.

Tumefika katika swali la tatu, nalo ndilo lililomkosesha mama yetu usingizi: je, yule mwenye duka amedhulumiwa?

Kuingia dukani, kutazama, kuuliza bei, kisha kutoka bila ya kununua, si dhambi. Soko limewekwa kwa ajili hiyo. Wala mwenye duka hana haki ya kudai kwamba kila aliyeingia anunue, wala hakuna anayelazimishwa kununua kwa bei asiyoiridhia. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipoombwa kuweka bei za vitu hakukubali, akaliacha jambo hilo kwa Mwenyezi Mungu. Basi mama aliyeingia kwa nia ya kununua, kisha bei ikamshinda, hana lawama yoyote, na sisi tunamwambia alale.

Lakini ipo hali nyingine, nayo imekuwa desturi ya vijana wetu. Kijana hutoka nyumbani akiwa amekwisha azimia kununua mtandaoni. Anaingia dukani kwa kusudi moja tu: ajue urefu unaomfaa na uzito unaomridhisha, kisha atoke. Anamwambia mwenye duka kwamba anataka kununua, naye anajua moyoni kwamba hataki. Huyu amechukua kazi ya mtu na elimu yake kwa maneno ya uongo. Fundi akikupimia nguo, je, hapimi kwa ujira? Ama yule mwenye duka alikupima bure kwa kutaraji biashara, na taraja hiyo uliitia wewe kwa ulimi wako, hali ya kujua kwamba ni ya uongo. Hatusemi kwamba gongo atakalolinunua baadaye litakuwa haramu. Mauzo yale yana hukumu yake mbali. Tunasema kwamba uongo ule ni dhambi, na kumtumikisha mtu kwa hadaa si tabia ya Muislamu.

Dawa yake ni nyepesi, nayo ni kusema kweli. Kijana na aingie, atoe salamu, kisha aseme: “Ami, gongo hili nimeliona mahali pengine kwa bei ndogo. Naomba unisaidie kupima, na kama waweza kunipunguzia nitanunua kwako. Kama huwezi, niambie nikulipe kwa kazi ya kunipima.” Twajua kwamba vijana wataona haya kusema hivi. Lakini haya ya kusema kweli ni bora kuliko ujasiri wa kudanganya. Na mara nyingi mwenye duka akiambiwa kweli hupunguza, au humpima bure kwa ridhaa yake, na kilichotolewa kwa ridhaa ni halali. Na mwenye kununua gongo mtandaoni anaweza kununua kwake kinga za miundi, na mipira, na utepe wa kufungia mpini, vitu ambavyo nauli yake kutoka mbali haileti faida.

Tena ni juu yetu kutazama mbele. Duka likifungwa, halifungwi peke yake. Pale ndipo mwalimu wa michezo alipokuwa akikopa mipira mpaka skuli ilipe karo. Pale ndipo mtoto wa jirani alipopata kazi ya likizo. Mtandao hauji mazishini, wala hauchangii madrasa. Mwenye kulipa shilingi mia tano zaidi kwa jirani yake, akinuia kumsaidia, twataraji ameandikiwa sadaka. Ila hili ni la hiari, wala halifai kuwa lazima juu ya mjane anayehesabu kila shilingi.

Tungependa pia kuwapa wazazi njia ya tatu. Wazazi wa timu moja na wakutane, waandike majina ya watoto na urefu wa magongo yao, kisha wamwendee mwenye duka kwa pamoja wamwambie: “Tuagizie, nasi tutakupa ujira wako.” Hii ni wakala kwa ujira, nayo ni halali kwa maafikiano. Tuchukue mfano wetu wa mwanzo. Magongo sita kwa shilingi 6,000 ni 36,000. Yakisafirishwa katika mzigo mmoja, tuseme nauli ni 6,000 tu; jumla ni 42,000. Ushuru wa asilimia 25 ni 10,500, na kodi ya asilimia 16 juu ya yote ni 8,400. Jumla ni 60,900, na kila gongo limesimama kwa shilingi 10,150. Mpeni mwenye duka ujira wa shilingi 500 kwa kila gongo, nalo ni 10,650, chini ya bei ya dukani. Mzazi amepata nafuu, mwenye duka amepata ujira wa shilingi 3,000 bila ya kufunga mtaji wake, na gongo likija bovu yuko mtu wa kuulizwa anayejulikana nyumba yake.

Lakini sharti jambo hili liandikwe. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 282, kwamba deni la muda liandikwe na mashahidi washuhudie. Msiseme kwamba mwaaminiana. Kuandika hakuondoi uaminifu, bali huulinda. Iandikwe bei, ujira, siku ya kufika, na nani atabeba hasara mzigo ukipotea.

Basi jibu letu kwa mama yetu ni hili. Kununua kwa mtandao ni halali kwa masharti tuliyoyataja. Bei uliyoonyeshwa ipige hesabu mpaka mwisho kabla ya kuiamini. Na mwenye duka hukumdhulumu, kwa kuwa uliingia kwa nia njema. Lakini yaonekana mwanao alikuwa na nia yake, naye ndiye wa kuzungumza naye. Kabla ya gongo, mfundishe kwamba anayeingia sokoni huingia na ulimi wake pamoja na mfuko wake, na vyote viwili vitahesabiwa. Mrudishe kwa yule mwenye duka amsemeshe kweli. Akipunguziwa, nunueni. Asipopunguziwa, mshukuruni na mwende mkatafute penye nafuu kwa amani.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awatie baraka wanaouza na wanaonunua kwa ukweli, awape watoto wetu afya na adabu, na atuepushe na ghushi ya ulimi na ya mizani. Wabillahi taufiq.